Tabora hadi Kigoma kwa Probox: korongo la Malagarasi, chumvi ya Uvinza na mzee wangu wa reli

Mtu wa Kiloleni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Niliahidi kwenye ule uzi wa nauli kwamba nikirudi Kigoma naleta mrejesho. Nimerudi juzi. Kwa wale wa "gari ndogo inapita?": inapita, lami mwanzo mwisho, kaendesheni salama, uzi wenu umeishia hapa. Wengine vuteni viti, nina maneno.

Tulikuwa wanne kwenye Probox: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka saba na mzee wangu. Safari hasa ilikuwa ya mzee. Alikuwa gadi wa treni miaka thelathini kasoro: Kigoma, Mwanza, na vipindi fulani tawi la Mpanda. Mpwa wake alikuwa anaolewa Ujiji na yeye alishakata shauri kupanda treni kama kawaida yake. Nikamwambia baba, twende na gari, safari hii uione njia mchana. Akacheka. Akasema ile njia anaijua kuliko mimi ninavyolijua jiko langu. Nikamuuliza, haya, Malagarasi ukishapita Uvinza unafananaje? Akanyamaza kidogo.

"Pale tunapita usiku."

Nikajua nimempata.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mpaka Urambo ni kilomita tisini na kitu, sina la kuwapa zaidi ya baridi ya Juni na mabani ya kukaushia tumbaku. Mzee ndiye aliyekuwa na la kusema. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Urambo, Kongwa na Nachingwea na matrekta yao kulima karanga za kulisha Uingereza, na kufikia 1951 walikuwa wamefunga virago. "Karanga zilikataa, tumbaku ikakubali," ndivyo alivyofupisha. Mtemi Mirambo, aliyeupa mji jina, alikuwa amekufa tangu 1884. Mzee akasema laiti angekuwepo wale wangeomba ruhusa kwanza.

Kaliua mzee alitusimamisha. Ndipo reli ya Mpanda inapochepuka. Alishuka, akasimama karibu na njia, mikono nyuma, akaangalia ile reli inayokwenda kusini kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyewahi kuwa wake. Binti yangu akamuuliza, babu, treni inakuja saa ngapi? Akamwambia, ya huku haina haraka.

Baada ya Kaliua ni miyombo na mbung'o. Fungeni vioo, simaanishi utani. Kipande cha Kazilambwa hadi Chagu, kilomita 36, kilikuwa miongoni mwa vya mwisho kuwekwa lami kwenye njia hii, na wanaokumbuka tope la pale wanajua nasema nini. Sasa unapita unasinzia.

Mimi sikusinzia, maana mbele kidogo ya Chagu mshale wa joto ulipanda. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Ule mpira nilibadilishiwa wiki moja kabla ya safari na gereji moja ya mjini ambayo siitaji. Nililipia mpya nikafungiwa uliosafishwa kwa mafuta ukang'aa. Mzee aliugusa tu akasema huu umezaliwa kabla ya mjukuu wangu.

Naishia hapo kwanza, naitwa kula.

Fundi Bisibisi

Mkuu kosa ni lako nusu. Mpira mpya una maandishi, na ukiuminya haukai na mkunjo. Next time... samahani, siku nyingine, minya kabla hujalipa. Ulifikaje Nguruka?

Kapuku wa Nzega

Nimekaa pale pale kwenye kigoda. Ila mkuu kichwa cha uzi kinasema korongo, mpaka sasa nimeona rejeta tu.

Mtu wa Kiloleni

@Fundi Bisibisi nilisaidiwa na huyo huyo gadi. Tulisubiri injini ipoe, kama dakika arobaini hivi, mke wangu akagawa matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha) na chai ya chupa. Mzee akaomba kipande cha tubu ya baiskeli kwa kijana aliyekuwa anapita na mkaa. Akakikata utepe mrefu wa vidole viwili kwa kisu cha machungwa, akaukausha mpira wa rejeta kwa shati langu (langu, siyo lake), halafu akaanza kuuzungusha ule utepe akiuvuta mpaka unabadilika rangi, kila mzunguko unapanda juu ya nusu ya ule uliotangulia. Akafunga ncha kwa waya. Mfuniko wa rejeta akaniambia niufunge hatua ya kwanza tu, usibane, presha isipande. Twende spidi 50. Tulifika Nguruka haujavuja tone. Mpira mpya tukaupata hapo hapo, kwa bei ya mtu aliyekuona unatoka jasho.

Nguruka tulinunua kambale wa kukausha. Hapo uko jirani na Ziwa Sagara, na mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yametanda kaskazini mpaka usikojua. Ardhi oevu hiyo ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye Ramsar, ile orodha ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, mwaka 2000, na eneo lake ni kilomita za mraba 32,500. Unapita pembeni yake bila kujua, unaona majani na ndege tu.

Haya sasa, mto.

Daraja la Kikwete. Mita 275, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, likafunguliwa 2015. Tulisimama kabla ya kuvuka. Mto hapo bado ni mpole, mpana, rangi ya chai isiyo na maziwa, unakwenda kama hauendi. Ukiuangalia hapo huwezi kuamini utakachokiona baadaye.

Nikamsimulia binti yangu habari ya punda. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa anamtafuta Livingstone alivuka mto huu huu kwa mitumbwi, baada ya kuvutana sana na Wavinza juu ya hongo, yaani ushuru wa kuvukia. Punda wakawa wanaogeleshwa kwa kamba. Mmoja wao, jina lake Simba, mamba akamdaka katikati ya mto mbele ya macho yao, na kamba yake shingoni. Ng'ambo ndipo wasafiri waliotoka Ujiji walipompa habari kwamba yuko mzungu mzee mwenye mvi kafika kule.

Binti yangu hakujali mzungu. Alitaka kujua kwa nini punda aliitwa Simba, na je, mamba alijua. Sikuwa na jibu. Mpaka Uvinza kila tulipopita punda aliulizwa jina lake.

MzawaUjiji

Hongo ilikuwa haki. Mto wa watu, mitumbwi ya watu. Leo ukivuka kivuko hulipi? Ila ukisoma maandishi ya hao wasafiri utadhani wameibiwa.

Kapuku wa Nzega

@MzawaUjiji Stanley baada ya hapo aliona hongo za Waha zinammaliza nguo, akatoroka usiku kupitia porini. Kwa lugha ya leo, alikwepa mzani.

Mtu wa Kiloleni

😂😂 Alikwepa mzani, kabisa.

Uvinza tulifika saa saba mchana. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Mabasi husimama dakika chache, watu wananunua maji, wanaulizana "bado saa ngapi?", wanaondoka. Mimi mwenyewe nimepita pale mara nne maishani na sikuwahi kushuka. Na ndipo pana mgodi wa chumvi ambao Wajerumani waliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakapaita Gottorp. Reli ilipita hapo ikielekea Kigoma, ikafika mwisho wake Februari 1914. Baada ya vita Waingereza wakaendeleza chumvi hiyo, na inatoka mpaka leo.

Kandokando ya barabara kulikuwa na mama mmoja na meza yake, chumvi kwenye sado. Alikuwa anachekecha ya mawe, ile ya kijivu kidogo, anaitenga na laini. Mzee akamsalimia, mama akajibu kwa shikamoo, wakaanza kuulizana ukoo kama kawaida ya wazee. Niliangalia vidole vyake. Ngozi imepasuka kwenye kila kiungo, mistari myeupe ndani ya mipasuko, kama ramani. Nikamuuliza, mama, haiwashi? Akasema inawasha mwaka wa kwanza.

Kijana wake akatuletea kopo la maji ya chemchemi yenyewe, kabla hayajapikwa wala kuanikwa. Maangavu kabisa, unaweza kudhani ni ya kunywa. Nilichovya kidole nikalamba. Wakuu, nimeoga bahari ya Hindi kuanzia Tanga mpaka Mtwara, sijawahi kukutana na kitu kile. Haianzi kama chumvi, inaanza kama uchungu, halafu ulimi unajikunja, na baada ya dakika tano bado unameza mate. Binti alitema kwenye kiatu changu. Mzee akachovya, akatulia, akasema, "Kumbe harufu ndiyo hii." Kasema miaka yote usiku treni ikisimama Uvinza alikuwa anasikia harufu ya moshi na kitu kingine ndani yake, na hakuwahi kukipa jina.

Binti Ruchugi

Kaka, umeandika vizuri lakini pale umetukosea. Wajerumani hawakuanzisha chochote Uvinza. Walikuta watu wanapika.

Mimi ni mzaliwa wa hapo. Chemchemi ziko ukingoni mwa mto Ruchugi, karibu na unapoingia Malagarasi. Miaka ya 1960 waakiolojia walichimba sehemu mbili, Pwaga na Nyamsunda, wakakuta vigae vya vyungu juu ya vigae, majivu, na mashimo yaliyosilibwa udongo ya kuwekea maji ya chumvi. Walipopima umri wake wakapata kazi hiyo ilikuwa inafanyika tangu karne ya 5 au ya 6. Hesabu mwenyewe. Zaidi ya miaka elfu moja mia tatu kabla ya huyo Gottorp wako.

Na ilikuwa kazi ya msimu. Masika mto unafurika, chemchemi zinamezwa, hakuna kupika. Kiangazi maji yakishuka watu walikuwa wanakuja kutoka Uha, Burundi, Unyamwezi, wanajenga vibanda, wanachota, wanachemsha kwenye vyungu mpaka chini kunabaki nyeupe. Watemi wa Kivinza wanachukua fungu lao. Chumvi inafungwa kwenye vilindo vya magome inabebwa kichwani, inauzwa mbali, na mahali pengine ilitumika kama fedha. Burton, msafiri wa Kiingereza, alipopita 1858 aliikuta biashara hiyo imechangamka, hakuileta yeye. Ndiyo maana Wajerumani waliitaka: walikuta mali tayari, wakaweka masufuria ya chuma na kuwazuia wenyewe wasipike.

Bibi yangu alikuwa akisema mzungu hakuvumbua chumvi, alivumbua geti.

Mtu wa Kiloleni

@Binti Ruchugi nimepokea dada yangu, nimekosea. Kwenye kichwa changu "mgodi" ulikuwa unaanza siku ya kujengwa bomba la moshi. Siifuti ile sentensi, naiacha ili masahihisho yako yaeleweke.

Kapuku wa Nzega

Hapo mbona mnakwenda mbali. Chumvi na mgodi wapi na wapi? Sisi Nzega tumekaa na mgodi, ule wa dhahabu uliofunguliwa 1999, mkubwa wa kwanza wa kisasa nchini. Shimo unaliona. Milipuko unaisikia. Ukaisha, tukabaki na shimo. Huo ndio mgodi. Maji ya chumvi ni maji ya chumvi.

Fundi Bisibisi

Kapuku, anayechimba chumvi anakata leseni wapi? Kwenye madini, siyo kwenye viungo vya pilau.

Binti Ruchugi

Na tofauti nyingine kaka Kapuku: shimo lenu limeisha baada ya miaka kumi na tano hivi. Chemchemi inatoka tangu karne ya 6 na kesho asubuhi inatoka. Ila sisi tulilipa kwa njia nyingine. Miongo na miongo chumvi ilichemshwa kwa kuni, ukiangalia vilima vya jirani unajua vilinyolewa na nani. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi inafanywa na jua, maji yanatandazwa kwenye mabwawa mapana yanakauka taratibu. Wakati wa babu yangu kukata kuni za mgodi ilikuwa ajira yenyewe.

Mwisho wa Reli

Jamani msisahau risasi ya Mpanda (ile ya madini, siyo ya bunduki)! Huyo mzee aliyesimama Kaliua akiangalia reli ya kusini, ile reli ni mtoto wa mgodi. Kilomita 210, Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kutoa risasi ya Mpanda. Mgodi ukafungwa 1960. Reli ikabaki inabeba mahindi, mpunga na watu. Mwanzisha uzi, muulize mzee kama aliwahi kusikia hadithi za mabehewa ya madini.

Mtu wa Kiloleni

@Mwisho wa Reli nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa sebuleni. Anasema yeye aliingia kazini mgodi umeshafungwa zamani, lakini wakubwa zake walikuwa bado wanaiita "treni ya risasi", na kwamba alipofika Mpanda mara ya kwanza alitegemea kukuta mji wa mabomba akakuta maembe.

Haya, korongo. Kapuku ulishaanza kuning'ong'a.

Ni hivi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Malagarasi wote ule unaouona umelala kwenye mabwawa hauna haraka kwa sababu umelala juu ya sahani. Ukishapita Uvinza sahani inaisha. Mto unalazimika kukata vilima ili ushuke ziwani, na ndipo unapobadilika tabia. Kwenye barabara kuu yenyewe huioni sana hiyo kazi, maana inaelekea kaskazini magharibi kwenda Kazuramimba na Kidahwe pamoja na reli. Lazima uchepuke kusini, kwenye vumbi, upande wa maporomoko ya Igamba.

Tulilala Uvinza, asubuhi tukachepuka. Sitawadanganya, hapo Probox ilikuwa inaomba radhi. Mawe mekundu, makorongo ya maji ya masika yamekauka yakaacha mifereji. Mara mbili mke wangu alishuka kunionyesha tairi lipite wapi. Mahali pengine tuliacha gari chini ya mti tukamaliza kwa miguu na mwenyeji mmoja, kijana wa bodaboda, ambaye alimbeba mzee.

Unausikia kabla ya kuuona. Mwanzoni nilidhani ni lori kwenye mlima. Halafu miti inaachana, na ule mto wa jana, ule mvivu wa darajani, unaukuta umebanwa na miamba, unapita mapengo, unapanda juu ya jiwe na kurudi nyuma wenyewe. Maporomoko hayako marefu ya kutisha, usije ukitegemea ukuta wa maji. Ni ngazi. Maji yanashuka ngazi, mapana, meupe, na kila ngazi ina kishindo chake. Mwamba umechongwa mashimo ya duara, mengine sawasawa na kinu, na ndani ya kimoja kulikuwa na jiwe dogo la mviringo bado linazunguka polepole kwa maji yanayoingia. Binti yangu alikaa pale nusu saa akililinda lile jiwe.

Mzee hakukaa. Alisimama amefumba macho. Nikadhani kizunguzungu, nikamshika mkono. Akasema niache, nasikiliza. Baadaye akaniambia kwamba kuna usiku mmoja, mwaka ambao hakuutaja, treni ilikwama na hitilafu ya injini baada ya Uvinza, taa zote zimezimwa, abiria wamelala, na yeye akatembea nyuma na taa yake kuweka fataki za tahadhari kwenye reli kama sheria inavyotaka. Akasikia mngurumo mbali kusini. Akadhani ni treni nyingine inakuja. Akakimbia kwa miguu yake yote kurudi nyuma kuisimamisha. Akasubiri peke yake mpaka alfajiri na taa nyekundu mkononi. Hakuna treni iliyokuja.

Je, mngurumo wa Igamba unafika mpaka relini usiku? Sijui, ni mbali. Yeye ameamua kwamba ndio wenyewe na mimi nani nibishane naye.

MzawaUjiji

Mkuu hiyo ya mzee imenikalisha.

Mvuvi wa Ilagala

Mimi niko chini huko, mto unapoingia ziwani. Niwaongezee kitu juu ya hayo maporomoko. Huu mto wazee wa elimu ya samaki wanasema ni mkubwa kwa umri kuliko ziwa lenyewe. Zamani sana ulikuwa unaendelea magharibi kuelekea Kongo, bonde la ziwa likafunguka likaukata katikati. Ndiyo maana ndani ya Malagarasi kuna samaki ambao ndugu zao wako Kongo ng'ambo ya pili na ziwani hawaishi. Wanaishi kwenye maji ya kasi kama hayo ya Igamba.

Kuna wakati Wamarekani kupitia lile shirika lao la Milenia walitaka kugharamia mtambo mdogo wa umeme pale. Tathmini ya mazingira ikakuta viumbe ambao hawajulikani kwingine, wakajitoa, fedha zikaenda kwenye umeme wa jua. Sasa upo mradi mwingine mkubwa zaidi wa Malagarasi, megawati 49.5.

Mwisho wa Reli

Na sisi wa Kigoma mjini tuliolala na ngurumo za jenereta za dizeli miaka yote hiyo, samahani kwa samaki, lakini tunautaka huo umeme.

Mvuvi wa Ilagala

Na mimi nautaka kaka, friji yangu ya samaki inatumia nini? Nasema tu wanaokwenda kupaona, waende mapema, maana eneo la ujenzi halifanani na eneo la matembezi. Na mwulize mwenyeji kwanza pa kupita.

Msafiri Mpya

Samahani wakuu nimesoma haraka haraka. Kwa hiyo Tabora–Kigoma ni saa ngapi na mafuta ya shilingi ngapi?

Kapuku wa Nzega

@Msafiri Mpya 😂 mgonjwa haponi.

Mtu wa Kiloleni

@Msafiri Mpya ni kilomita mia nne na kidogo. Ukikanyaga bila kusimama ni saa tano au sita, vijiji vina matuta na tochi za trafiki ziko kwenye vichaka ambavyo hutavidhania. Jaza tangi Tabora, sheli zipo Urambo, Kaliua, Uvinza. Sisi tulitumia siku mbili na sijutii hata moja.

Kidahwe hadi mjini sina la ziada, kasoro pale mteremko wa mwisho unapofunguka ukaliona ziwa na milima ya Kongo nyuma yake kama moshi. Ujiji tulikula migebuka na ugali wa muhogo, mawese yakatiririka mpaka kiwikoni. Harusi ilikwenda vizuri. Mzee alitoa zawadi yake mbele ya watu wote: kiroba cha chumvi ya Uvinza, kilo ishirini na tano, amekifunga utepe mwekundu. Watu walicheka. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi hakucheka, alisimama akakipokea kwa mikono miwili akapiga goti, akasema zamani hiyo ilikuwa mahari ya mtu.

Binti Ruchugi

Huyo bibi mpe salamu zangu.

Mwisho wa Reli

Mkuu, vipi Mpanda? Mzee bado anaijua ile njia kwa usiku tu?

Mtu wa Kiloleni

Nilimsomea hiyo habari yako ya risasi jana. Leo asubuhi kabla sijaoga ananiuliza Agosti nina likizo ya siku ngapi, na kama ule mpira wa Nguruka ni wa kweli au nao umesafishwa kwa mafuta. Nimemwambia ni mpya, una maandishi. Ameenda kufungua boneti mwenyewe.